Skrubu ya Gizela

Achim alikuwa fundi wa lifti mjini Bytom, kusini mwa Poland, na tangu utotoni hakuvumilia kitu kilichopinda. Picha ikikaa upande ukutani, ataiweka sawa hata kama yuko nyumba ya watu. Basi baba yake, mzee Ginter, alipomwita kando ya kitanda na kumwambia anachokitaka kabla hajafa, Achim hakulia. Aliuliza tu ufunguo wa stoo ya chini uko wapi.

"Nataka kuwaona njiwa wa Gizela," mzee alikuwa amesema.

Aliyasema hayo akitweta, bomba la oksijeni puani, na mashine yake ikinguruma pembeni kama paka mzee. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa ya mgodini aliloanza kulivuta akiwa kijana asiye na ndevu. Daktari alikwisha kumwambia Achim kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, kwamba Pasaka hii mzee hataiona.

Njiwa wa kweli mzee aliwagawa zamani, pumzi ilipomwisha akashindwa kupanda hadi darini kwenye banda lao. Njiwa wa Gizela walikuwa wengine. Walikuwa ndani ya kaseti.

Gizela alikuwa dada mkubwa wa Achim. Alipokuwa na miaka kumi na sita, baba yao aliuza Jumamosi zake zote kwa mgodi, akawa anashuka shimoni siku ambazo wenzake walikuwa wanalewa, hadi akapata kibali cha kununua kitu cha maana, kwani enzi zile pesa pekee hazikutosha. Mama alitaka mashine ya kufua. Baba akarudi na kompyuta ndogo nyeusi, vitufe vyake vya mpira, ya kuunganishwa na runinga.

"Haya," mama alisema akitupa shuka mezani, "iambie ifue!"

Haikufua. Lakini Gizela alikaa nayo jikoni majira mazima ya baridi, na Jumapili moja akamwita baba akae. Kwenye runinga kukatokea paa jeusi na anga ya buluu, na njiwa wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake limeandikwa chini: Kapral, Hanka, Rudy. Walikuwa njiwa wa baba, wale wale wa darini. Mzee Ginter, mtu aliyeishi nusu ya maisha yake chini ya ardhi, alipiga makofi kama mtoto.

Sasa Achim aliikuta kompyuta ile nyuma ya vikapu vya viazi, imefungwa ndani ya shati kuukuu la mgodini. Kando yake kulikuwa na kinasa sauti cha kuisomea programu zake, na kaseti zenye mwandiko wa Gizela, ule wa mkono wa kushoto, wenye kulala upande, ambao walimu waliupigia vita na baba akawaunga mkono.

Aliipandisha jikoni kwa mzee akaifungua. Karatasi ya plastiki chini ya vitufe ilivunjika vidoleni kama jani kavu. Mkanda wa mpira ndani ya kinasa sauti ulikuwa umeyeyuka, umekuwa lami. Achim hakukata tamaa. Aliagiza vipuri, akalehemu, akasugua kwa pamba na spiriti kila kona. Jioni baada ya jioni alitoka kwenye lifti za watu akaja kuinama pale, na mzee chumbani alisikiliza mlio wa vyuma vidogo kama mtu anayesikiliza redio.

Hela, mke wa Achim, alikuja na sufuria ya supu akasimama mlangoni.

"Miaka ishirini nimelala na huyu mtu," alimwambia mkwewe kwa sauti ya kusikika, "hajawahi kunisugua mgongo hivyo."

"Jipake vumbi la stoo, mama," mzee akajibu kutoka kitandani. "Atakusugua."

Kazi ilikaribia kwisha. Ndani ya kinasa sauti, kwenye skrubu ndogo iliyoshika kichwa cha kusomea kaseti, Achim aliona uchafu mwekundu uliokauka. Aliukwangua kwa ncha ya kisu hadi chuma kikang'aa. Kisha akakiona kile kichwa: kimelala upande. Damu ya fundi ikamchemka. Aliagiza kaseti ya mchezo iliyotoka kiwandani, isiyo na kasoro, akaicheza, akageuza skrubu polepole hadi sauti ikatoka safi na kichwa kikasimama wima kama askari. Mchezo ukaingia kwenye kompyuta mara ya kwanza tu.

"Imepona!" alipiga kelele. "Baba, Jumapili utawaona!"

Jumapili walikula nyama ya kukunja, madonge ya viazi na kabichi nyekundu. Mzee alikula kijiko kimoja, akasema kimetosha. Walimsogeza jikoni kwenye kiti chake mbele ya runinga, wakamvalisha shati jeupe kwa sababu alilidai. Achim aliingiza kaseti ya Gizela akabonyeza.

Mistari myekundu ilitetemeka pembezoni mwa kioo. Ikaja ya buluu na njano, ikakatika. Yakatokea maneno kwamba kaseti imeshindwa kusomeka.

Akarudisha nyuma, akajaribu tena. Maneno yale yale. Akajaribu tena, jasho likimtoka kwenye kola.

"Kaseti imekufa," Hela alinong'ona.

"Chomoa waya," mzee alisema. "Nataka kuisikia."

Achim alichomoa waya uliounganisha kinasa sauti na kompyuta, na sauti ya kaseti, ile milio ambayo kompyuta huisoma, ikajaa jikoni. Ilikuwa nzito, imefifia, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi.

"Siyo hiyo. Ile ya Gizela ilikuwa inanitoboa sikio. Kila siku nilimpigia kelele azime." Mzee alivuta pumzi. "Skrubu umeifanya nini?"

"Nimeinyoosha, baba. Kichwa kilikuwa kimepinda."

"Na ile rangi?"

"Rangi gani?"

"Rangi yake ya kucha, we mtoto! Ile nyekundu!"

Achim alishusha macho kwenye skrubu aliyoing'arisha. Alijua. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba alikuwa anajua. Enzi zile hakuna mtoto katika magorofa yale aliyekuwa na kaseti ya dukani. Zilinakiliwa kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba kichwa cha kinasa sauti kilikaa kivyake, hivyo mtoto aliyekwenda kwa mwenzake alibeba kaseti mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili. Gizela alichoshwa na kugeuza geuza. Siku moja alichagua mahali pake, akadondosha rangi ya kucha juu ya skrubu isisogee, na vyote alivyovirekodi baada ya hapo alivirekodi kichwa kikiwa kimepinda vile. Kikipinda vile vile tu ndipo vingesomeka. Achim alikuwepo. Ndiye aliyemshikia taa.

"Nilidhani ni uchafu," alisema.

Mzee alimgeukia. Hasira ilimjaa, pumzi ikamnyima nafasi ya kuitoa, ikabaki machoni.

"Na wewe pia," alisema hatimaye. "Damu ya wanyooshaji. Mimi nilimnyoosha mkono. Nikamnyoosha nywele, marafiki, mdomo. Nilimnyoosha mpaka akatoka mlangoni."

Kila mtu mle ndani alikuwa anaujua mlango ule. Mwaka themanini na nane Gizela alipakia begi moja kwenda Ujerumani Magharibi, akisema anakwenda kutembea, na kila mtu alijua kwamba aendaye kutembea kule harudi. Baba yake alimwambia kwenye ngazi, majirani wakisikia, kwamba akitoka asirudi. Barua zake hakuzijibu hata moja. Baada ya miaka mitatu gari lililombeba liliteleza kwenye mvua karibu na Dortmund, na hakukuwa tena na wa kujibiwa.

"Lete bisibisi," mzee alisema.

"Baba, kaseti ni kuukuu. Tukiirudisha rudisha itakatika, na hatuna nyingine."

"Mimi je, ni mpya? Lete."

Achim aliinama. Aligusa skrubu, akaizungusha kidogo kuliko unene wa unywele. Mzee alifumba macho, mikono imeshika kiti.

"Nzito."

Akaizungusha tena.

"Bado. Umezidi kwenda kule. Rudi."

"Huku?"

"Siijui hiyo mashine yako, mimi sijui kitu. Tafuta inayoniumiza sikio, basi!"

Waliitafuta hivyo, mmoja kwa vidole, mwingine kwa sikio, na Hela amesimama na sahani mikononi, hathubutu kuziweka chini zisije zikalia. Mara mbili kaseti ilikwaruza, na Achim akahisi moyo wake ukikwaruza nayo. Kisha, katika mguso ambao vidole vyake havikuweza kuapa kwamba vimeufanya, blanketi lile likaondoka. Sauti ikapanda, kali, nyembamba, ikapasua jikoni kuanzia ukuta hadi ukuta. Mzee aliruka kitini akaziba sikio.

"Hapo! Hapo, usiguse! Ndiye yeye!" Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye bomba la pua. "Ndiye yeye, yule kichwa ngumu."

Achim alirudisha waya mahali pake, akarudisha kaseti mwanzo, akaibonyeza. Mistari ikaja, ikakimbia, haikukatika. Na anga ya buluu ikafunguka kwenye runinga, na paa jeusi chini yake.

Kapral aliingia wa kwanza, miraba michache inayopiga mbawa, akatua. Akaja Hanka. Rudy akatua vibaya, kama alivyokuwa akitua kweli, na mzee akacheka hadi akakohoa. Wakaja wengine, na kila jina mzee alilitaja kabla halijaandikwa. Kisha njiwa wakaisha. Kwenye ukingo wa paa palibaki nafasi moja, na chini kukatokea neno fupi la kompyuta la kusema nimemaliza.

"Bado Lojza," mzee alisema.

Achim alisoma mistari ya programu, mstari kwa mstari, hadi wa mwisho. Jina la Lojza halikuwemo. Ndipo alipokumbuka. Lojza alikuwa jike wa kijivu, kipenzi cha baba, aliyerushwa kwenye mashindano majira yale na hakurudi. Gizela alimwachia nafasi, akasema: akirudi nitamwandika.

"Naweza kumwongeza, baba. Ni mistari michache tu. Saa hii hii."

"Umwongeze atoke wapi?"

"Si arudi tu. Akae pale na wenzake."

"Hakurudi, Achim." Mzee hakuondoa macho kwenye nafasi ile. "Ukimwandika wewe, atakuwa njiwa wako. Mwache. Fungua dirisha."

Zamani, njiwa akichelewa, dirisha la dari halikufungwa nyumbani kwao hata theluji ikianguka. Achim alikwenda akalifungua la jikoni. Upepo wa mwezi wa tatu uliingia na harufu ya moshi.

"Mtamuua kwa baridi!" Hela alisema.

"Nakufa kwa vumbi, mama," mzee alijibu polepole. "Baridi ipange foleni."

Hela aliweka sahani chini, akamfunika miguu kwa koti lake. Achim alichukua mkoba wa mkewe mezani, akapekua bila kuomba ruhusa, akatoa kichupa cha rangi ya kucha. Haikuwa nyekundu ya Gizela. Ilikuwa ya waridi, ya bei rahisi, ya kununuliwa kwenye duka la dawa. Alipiga magoti mbele ya kinasa sauti kilichopinda kichwa. Mkono wake, mkono unaofunga nyaya zinazobeba watu hadi ghorofa ya kumi, ulishika kibrashi. Alidondosha tone moja juu ya skrubu, akalipulizia likauke.

Nyuma yake mzee alikuwa kimya. Achim aligeuka kwa hofu. Mzee alikuwa macho, bado anatazama paa.

"Usizime," alisema.

Achim hakuzima.