Mbuzi Arobaini wa Baba Mkubwa

Sindano niliyoitengeneza ilikuwa na urefu wa kalamu, na nilikuwa nimeichoma kwenye matumbo ya mbuzi arobaini bila kuharibu hata mmoja. Arobaini kwa arobaini. Niliandika hivyo kwenye ripoti yangu ya kumaliza masomo, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Mimi ni mtu wa kujisifu nikipata nafasi, na Kigali ya mwaka 1991 nafasi zenyewe zilikuwa za kuokoteza.

Naitwa Uwizeye. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo, msichana peke yangu kati ya wanaume kumi na tisa ambao walinikumbuka tu mtu alipohitajika kufagia karakana. Hospitali moja ya mjini ilikuwa na darubini ya tumbo, bomba jembamba ambalo daktari hulipitisha kitovuni akaona ndani ya mgonjwa bila kumpasua. Kabla darubini haijaingia, lazima tumbo lijazwe gesi linyanyuke, na gesi hiyo hupitia kwenye sindano maalumu. Ya kwao springi yake ilikuwa imekufa, na tangu vita vianze Oktoba ya mwaka uliotangulia hakuna kilichoagizwa Ulaya kikafika. Kwa hiyo mwanamke aliyetaka kuangaliwa kizazi alipasuliwa kutoka kitovuni kwenda chini, au aliambiwa arudi nyumbani akaombe Mungu. Mpasuaji wao, Daktari Théoneste, alikuja chuoni kutuuliza kama yupo anayeweza kuiga ile sindano. Wenzangu wakatazama madaftari yao. Mimi nikanyoosha mkono.

Kazi ya sindano hiyo ni rahisi kuieleza, kuitengeneza ndiyo shughuli. Ndani ya ncha kali kuna kijiti butu kinachosukumwa na springi. Ukiichoma, nyama inakirudisha kijiti nyuma, ncha inatoboa. Ikishapenya ukuta wa tumbo na kukuta uwazi, kijiti kinaruka mbele, tak, kinaifunika ncha isije ikatoboa utumbo. Bomba nilikata kwenye sirinji kuukuu ya ng'ombe. Springi nilijaribu za kalamu, za viberiti vya gesi, hadi za kufuli, kisha nikasokota ya kwangu.

Mbuzi nilipewa na Baba mkubwa Asumani, kaka yake baba, mchinjaji wa mtaa wa Biryogo. Alikuwa akichinja, anamtundika mbuzi kwenye boriti kwa miguu ya nyuma, anamchuna, halafu kabla ya kupasua ananiita.

"Haya injinia, choma haraka. Watu iko wanangoja nyama." Na kila mara aliongeza, "Sema Bismillahi kwanza. Hata kama hujui unatafuta nini."

Nilichoma chini ya kitovu, tak, yeye akapasua, tukakagua utumbo. Mzima. Miezi mitatu, mbuzi arobaini.

Sasa niseme kwa nini sindano hii ilikuwa roho yangu. Kitambulisho changu kilikuwa kimechapwa makabila yote, mengine yamekatwa kwa wino, limeachwa moja: Mtutsi. Kwa neno hilo sikuweza kutoka mjini bila kibali, na kila nilipoomba kibali niliambiwa njoo kesho. Baba yangu ni fundi cherehani, mtu asiyejua hata bunduki inashikwa upande gani. Oktoba alizolewa na askari pamoja na wenzake, wakidaiwa kusaidia waasi, wakafungiwa uwanja wa mpira, kisha gerezani. Alirudi Aprili amekonda, kimya, na kila akiniona alisema neno moja tu: "Ondoka." Kuondoka kulitaka pasipoti, na pasipoti ilitaka barua ya chuo cha nje. Mwezi wa sita profesa mmoja kutoka Ubelgiji alikuwa anakuja kwa juma moja tu. Daktari Théoneste angemwonyesha sindano yangu ikifanya kazi kwa mgonjwa siku ya Alhamisi. Akiridhika, angesaini barua yangu. Jumamosi angepanda ndege arudi kwao.

Jumatatu ya juma hilo boriti ya Baba mkubwa ilivunjika.

Alikuwa na mbuzi sita wa harusi. Akawachinja na kuwachunia chini, juu ya majani ya migomba, wamelala chali. Mimi nilikuwa nimepita kumsalimu tu, ila sindano ilikuwa mfukoni, na mkono haukutulia. Nikachoma wa kwanza, tak. Baba mkubwa akapasua. Mzima. Wa pili mzima. Wa tatu nilipochomoa sindano, ncha ilikuwa na maji ya kijani, na harufu ilinifikia kabla sijaelewa ninachokiona. Nilikuwa nimetoboa utumbo.

"Huyu alikuwa mgonjwa," Baba mkubwa alisema, akinionea huruma.

Hakuwa mgonjwa. Nilichoma wa nne na wa tano, wakawa wazima. Wa sita akatoboka. Nikakaa juu ya ndoo, nikaitazama ile boriti iliyovunjika, na ujinga wangu wote ukanijia mara moja. Mbuzi aliyetundikwa kwa miguu ya nyuma, matumbo yake yote yanashuka kifuani. Pale chini ya kitovu panabaki patupu. Mara arobaini nilikuwa nimechoma mahali pasipo na kitu, nikajipigia makofi. Na mgonjwa wa hospitali hatundikwi. Analazwa chali kama hawa.

Wawili kati ya sita. Usiku kucha nilizigeuza hesabu hizo. Wanne kati ya sita wanapona, nilijiambia, na Daktari ana mkono mwepesi kuliko wangu, na binadamu si mbuzi. Shetani hana haja ya kusomea uhandisi, lakini siku zile alijua hesabu kunishinda.

Jumanne Baba mkubwa aliniuliza kama nimeshamwambia Daktari. Nikasema bado. Akapangusa kisu chake, akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu," akaendelea na kazi yake. Nilimkasirikia. Yeye kitambulisho chake kilikuwa na neno jingine, Mhutu, kwa sababu siku ya kuandikishwa karani mmoja hakumwuliza vizuri.

Jumatano nilikwenda wodini kupeleka sindano ikachemshwe, na hapo ndipo nilipokutana na mgonjwa. Sikuwa nimetaka kukutana naye. Aliitwa Mukandekezi, mwuza vitambaa, ameolewa miaka saba bila mtoto. Alikuwa amekuja na shuka lake jipya kwa sababu hakuamini ya hospitali.

"Ni wewe umetengeneza hiyo sindano?" aliniuliza. "Mwanamke?"

"Ni mimi, dada."

"Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe! Basi mimi sitaogopa tena." Akanivuta nikae kitandani. Aliniambia mama mkwe wake amekwisha kumtafutia mumewe msichana mwingine, wamempa hadi mwisho wa Agosti. "Wanasema mimi niko jiwe. Nataka dogiteri aangalie ndani, aandike karatasi. Kama niko jiwe, niandikiwe jiwe, nijue."

Nilimwambia atalala vizuri. Nikampa muuguzi sindano, nikatoka.

Ningependa kusema nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari. Sikwenda. Nilingoja hadi Alhamisi saa tatu asubuhi, Mukandekezi amekwisha kulazwa juu ya meza, profesa amevaa barakoa, Daktari Théoneste amenyoosha mkono apewe sindano. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtazamaji. Nikasikia sauti yangu, kubwa kupita kiasi, ikisema, "Daktari, usiitumie."

Akageuka. Nikamweleza yote, boriti, majani ya migomba, maji ya kijani.

"Mara ngapi?"

"Mbili kati ya sita."

"Na umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

Alivua glavu moja, kisha ya pili, polepole. "Kwa nini umengoja mpaka mgonjwa yuko mezani?"

"Nilitaka kuondoka nchi hii," nikasema. Daktari akamtafsiria profesa kwa Kifaransa, naye akafunga daftari lake.

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alinishika bega akaniambia ukweli ni sifa ya kwanza ya mtafiti. Barua ya nafasi moja aliyokuwa nayo akampa Muhire, mwenzangu aliyekuwa amechora machela ya kukunja. Sifa ya ukweli nilibaki nayo mimi, na kaunta ya pasipoti hawaipokei. Jioni nilimweleza baba. Aliweka chini kipande alichokuwa anashona, akaingia ndani.

Kesho yake nilimfuata Mukandekezi, nikidhani nitapewa shukrani. Alikuwa anakunja shuka lake.

"Umeniua," alisema bila kunitazama.

"Dada, ningekuua kama ningenyamaza."

"Nani alikuomba? Nikitobolewa, napona ama nakufa siku moja. Nikirudi kwa mama mkwe bila karatasi, nakufa kila siku. Weye umejiokolea roho yako, si yangu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko barua ya Muhire, kwa sababu yalikuwa kweli nusu nzima. Nilimwomba anipe hadi Agosti. Akacheka, kicheko kibaya. "Kwani niko na pengine pa kwenda?"

Nikarudi karakanani. Ncha niliifupisha. Springi niliikaza hadi kijiti kikaruka kabla sijamaliza kusukuma. Nikaongeza kizuizi kwenye mpini, mkono usiweze kuzama. Daktari Théoneste, ambaye kwa majuma mawili alizungumza nami kama mtu anayezungumza na ukuta, alinifundisha kuunyanyua ukuta wa tumbo kwa mkono kabla ya kuchoma. Baba mkubwa alirekebisha boriti yake, lakini mbuzi wangu aliwalaza juu ya mlango mbovu, akilalamika mgongo. Walikuwa sitini na watatu, wote chali. Wawili wa mwanzo walitoboka, nikaandika wawili. Baada ya hapo hakutoboka hata mmoja.

Tarehe ishirini Agosti Mukandekezi alirudi mezani. Safari hii Daktari aliniweka karibu naye. Alinyanyua tumbo, akasukuma, na tak ile niliisikia hadi kwenye meno. Gesi ikaingia, tumbo likapanda, darubini ikafuata. Muuguzi alisukuma rangi ya buluu kupitia mji wa mimba, na Daktari akaniita nichungulie. Niliona rangi ikichuruzika kutoka mirija yote miwili ya mayai, wa kulia na wa kushoto, bila kizuizi chochote. Mirija yake ilikuwa mizima. Nililia ndani ya barakoa, kwa furaha na kwa hasira ya miaka saba ambayo haikuwa hata yangu.

Daktari aliandika karatasi, akaongeza kwamba sasa mume naye apimwe. Mume alikataa. Mama mkwe alisema karatasi za hospitali hununuliwa.

Juma lililofuata Mukandekezi alipita karakanani asubuhi, godoro kichwani, mfuko mkononi, anakwenda kwao Masoro. Yule msichana mwingine alikuwa amekwisha kuingia nyumbani, na yeye hakungoja kufukuzwa. Karatasi alikuwa ameifunga kifuani kwa kitenge. Nilidhani angekuwa analia, kumbe alikuwa anatokwa na jasho tu, na anatabasamu.

"Nilikutukana," alisema. "Unisamehe."

"Ulisema kweli."

"Haya. Mimi nimetoka. Na wewe unatoka lini? Nilikusikia siku ile mezani."

Nilitafuta uongo mzuri nikaukosa. "Sijui, dada. Sina barua."

Aliliweka godoro chini, akanikumbatia kwa nguvu, halafu nikamsaidia kulipandisha tena kichwani. Nilimwonea wivu, wivu wa waziwazi, nikimtazama anavyopanda barabara bila mtu kumwuliza kibali wala anakwenda wapi. Kisha muuguzi akaja kuchukua sindano. Kulikuwa na wanawake wanne wodini, na aliyekuwa na sindano Kigali nzima ni mimi. Nikampa, nikafunga mlango, nikawasha mashine nianze nyingine.