Asali ya Ukutani

Mwaka ule wa ambargo, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, mipaka ikafungwa na sukari ikapotea madukani, Adélaïde alikuwa ametimiza miaka kumi na minne akitunza ramani katika idara ndogo ya serikali, pale Rohero, katikati ya mji mkuu. Wafanyakazi walikuwa wamebaki wanane. Zamani, saa nne ikifika, waliketi pamoja wakanywa chai na kutaniana mpaka shefu, mkuu wa idara, akohoe. Tangu vita viingie mitaani, kila mtu alikunywa maji ya chupa yake, kisha akaifungia kwenye droo ya meza kwa ufunguo. Kulikuwa na uvumi kwamba watu wanatiliana sumu. Hakuna aliyemshtaki mwenzake, ila hakuna aliyepokea kitu mkononi mwa mwenzake.

Jumatano moja Adélaïde alivuta ramani kuukuu kutoka kabati la nyuma, ikakataa kutoka. Ilikuwa imegandia ubaoni. Majimaji ya kahawia yalikuwa yameteremka ukutani, akadhani ni kutu ya bomba. Akagusa, akanusa, akajikuta ametia kidole mdomoni. Ilikuwa asali. Akasogeza kabati kidogo, akaweka sikio kwenye mbao zilizoziba dirisha la zamani. Mbao zilikuwa zinavuma.

Alimwendea Hamissi, dereva wa idara, mtu wa mtaa wa Buyenzi aliyelelewa Rumonge na mjomba mfuga nyuki. Hamissi alisikiliza kwa sikio la kulia, akahamia la kushoto.

"Subhanallah," akanong'ona. "Mama Adélaïde, humu muko taifa zima la nyuki."

Kesho yake walifika mapema, kabla jua halijapasha ukuta. Hamissi alifukiza moshi wa majani makavu ya mkaratusi kutoka kwenye kopo, akang'oa ubao wa kwanza, kisha wa pili. Wa tatu ulipotoka, mwanga wa asubuhi ulipenya kwenye nyufa za mbao za nje, ukapita katikati ya masega.

Adélaïde alisogea karibu. Masega saba yalining'inia sambamba, marefu kuliko mkono wa mtu mzima, ya dhahabu juu na meusi chini, na maelfu ya nyuki wakitembea juu yake bila haraka. Miaka yote ile, milio ya risasi ikisikika kutoka milimani, viumbe hawa walikuwa kazini nyuma ya mgongo wake.

Wenzake walipoingia, mmoja mmoja walisimama mlangoni wakitazama. Shefu Népomuscène alikuja akiuliza nani amewasha moto ndani ya biro ya serikali. Hakumaliza. Alivua kofia.

"Ego Mana," akasema taratibu, akimtaja Mungu kama aliye kanisani.

Hamissi alikata masega matatu tu, akawaachia wenyewe manne, akarudisha mbao. Saa nne Adélaïde alipanga vipande juu ya karatasi za kuchorea, akaziweka kwenye meza kubwa, mkono wake ukiwa umevimba kwa kuumwa. Watu wakaizunguka meza. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Basi akafanya anavyopaswa kufanya anayekirimu wageni: akaonja yeye kwanza. Akamega kipande hiki, akamega kile, akapita meza nzima mpaka asali ikamchuruzika kidevuni.

Népomuscène akachukua. Akatafuna akiwa amefumba macho. Ndipo mikono mingine ikafuata.

Aliyebaki ni Prudence, mpiga chapa, ambaye tangu aukimbie mtaa wake wa Kamenge hakuwa amekula chochote mbele ya watu wa kazini.

"Hawa nyuki wanakula wapi?" akamwuliza Hamissi.

"Popote penye maua, dada. Wanaruka kilometa tatu, ine. Nyakabiga, Ngagara, Buyenzi."

"Na Kamenge?"

"Na Kamenge. Nani atawasimamisha?"

Njia ya Kamenge hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kuipita.

"Nilikuwa na milimau miwili nyuma ya nyumba," Prudence akasema. "Nyumba walichoma. Milimau sijui."

Népomuscène, mkaazi wa Ngagara, mtaa uliokuwa ukipigana na Kamenge, alichagua kipande kinene kuliko vyote, akakishika kwa mikono miwili, akampa. Prudence alikitazama, akamtazama yeye. Akala. Akala tena, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Vita havikuisha siku ile; miaka mingi ilikuwa bado mbele yao. Wawili kati ya wale wanane waliendelea kunywa maji yao peke yao, na hakuna aliyewalaumu. Lakini Ijumaa jioni Prudence alimngoja Adélaïde mlangoni.

"Dada, twende wote hadi kwenye basi."

Hawakuwahi kutembea pamoja. Njia nzima Prudence alisimulia: rangi ya milango yake, kisima cha jirani, jina la mbuzi. Adélaïde alimsikiliza kwa mshangao uleule wa jana yake, akapunguza mwendo ili kituo kisifike upesi.