Wateja Wasio na Shida ya Usingizi

Kila Jumanne, saa kumi kasoro robo alasiri, Bonyeza alifuta kipanya cha kompyuta kwa leso, akamalizia chai yake, akasubiri meneja aje kusimama nyuma ya kiti chake. Duka lilikuwa la magodoro. Kazi ya Bonyeza ilikuwa kutuma barua pepe za matangazo, na jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu meneja hakuwa na neno lingine la kumwambia.

"Orodha hii imeoza, bosi," alisema Jumanne hiyo. "Kuna watoto wa shule humu. Kuna hoteli ilishabomolewa. Kuna watu walishafariki."

"Jumla wangapi?"

"Elfu arobaini."

"Basi tuma kwa elfu arobaini. Wewe bonyeza."

Orodha hiyo meneja aliipata kwa mtu aliyekaa naye kwa kinyozi. Kati ya wote waliokuwamo, hakuna aliyewahi kuulizwa kama anataka kuandikiwa. Chini ya kila barua kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu, "Bofya hapa kujiondoa," na aliyebofya alifunguliwa picha ya kitanda.

Bonyeza aliishusha orodha mpaka kwenye mstari ambao kila wiki aliupita akijifanya hauoni. Ilikuwa anwani ya baba yake. Alimfungulia yeye mwenyewe mwaka mzee alipostaafu posta, na mzee hakuitumia hata mara mbili, maana hakuwa na imani na barua isiyo na stempu. Sasa alikuwa na miaka sita kaburini. Kumfuta ilikuwa kazi ya kidole kimoja, lakini kidole kilikuwa kizito. Wiki hiyo kichwa cha barua kilisema: "Umechoka kugeukageuka kitandani? Njoo kesho, tunakungoja." Akabonyeza.

Walio hai waliitupa bila kuifungua. Wafu waliisoma mpaka nukta ya mwisho, kwa kuwa muda wanao, na kwa kuwa walikuwa wameitwa, wakaja.

Jumatano saa tatu asubuhi foleni yao ilikuwa imefika kwenye duka la vioo la mwisho wa mtaa, wote wamevaa nguo zao nzuri, kila mmoja na barua yake mkononi. Mlinzi aliwaomba wafute viatu, maana vilikuwa na udongo, nao wakafuta. Palikuwa na vicheko vingi, kwa sababu wengine hawakuwa wameonana tangu uhai wao. Mlinzi mwenyewe alimkuta shangazi yake humo, akasemwa kwa kukonda kwake mbele za watu, na siku nzima akawa anatabasamu peke yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Bonyeza.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimelala miaka kumi na minne bila kugeuka. Godoro la nini?"

"Utusamehe. Tulituma kwa wote."

"Hapo ndipo mlipokosea. Niondoe."

Bonyeza akamfuta kwa mkono wake. Mwalimu akashukuru, akatoka, na alipofika kizingitini hakuwapo tena. Ikawa hivyo kwa kila aliyefutwa. Bibi mmoja aliomba kwanza arukeruke kidogo juu ya godoro la sampuli, akaruhusiwa.

Meneja aliwahesabu kutoka dirishani.

"Mia tatu na kumi! Na wewe unaniambia orodha imeoza."

"Hawanunui, bosi."

"Watazoea."

Saa sita akaingia baba yake, amevaa sare ya posta, mkoba begani. Bonyeza aliruka kitini kwa furaha, akampokea mkoba.

"Hata salamu hakuna, mama?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee aliiweka barua mezani, akaigeuza huku na huku kama alivyozoea kufanya na barua zilizopotea njia. "Hii nani kaiandika?"

"Mimi."

"Nimetembea miaka thelathini na moja. Mbwa wameniuma, mvua imeninyea, lakini sijawahi kuingiza barua kwenye mlango usio wake. Wewe unazirusha kama mtu anayelisha kuku. Uliniuliza kama nataka godoro?"

"Sikukuuliza, baba."

"Haya. Nipe chai."

Alipewa chai, akanywa vikombe viwili. Akalijaribu godoro la bei kubwa kuliko yote, akasema ni laini kama unga uliokandwa na litavunja watu migongo, na Bonyeza akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha mzee akainuka, akachukua mkoba wake.

"Sasa niondoe. Wenzangu wanangoja."

Bonyeza alishika kipanya, akakiachia.

"Nikikuondoa hutakuja tena."

"Ndiyo maana ya kuondolewa."

Hapo Bonyeza akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika duka lile.

"Baba, unataka niwe nakuandikia?"

Mzee aliketi tena, mkoba mapajani. Katika foleni hakuna aliyenung'unika.

"Matangazo sitaki," alisema. "Lakini ukiwa na la kuniambia, niandikie. Anwani unayo."

Bonyeza akaufuta mstari wake kwenye orodha, akainakili anwani kwenye kijitabu chake. Mzee alivuka kizingiti, akageuka, akampungia mkono, na ndipo akatoweka.

Jumanne iliyofuata meneja alirudi kutoka kwa kinyozi akiwa na orodha mpya ya elfu sitini. Mwalimu wa hesabu alikuwamo mara mbili. Bonyeza alilisema hilo, meneja hakusikia, saa kumi ikafika, akabonyeza. Halafu akafungua ukurasa mtupu, akaandika barua moja kwa mtu mmoja: "Baba, mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na hataki kulitupa. Njoo ulione."

Jumatano asubuhi mzee alikuwa wa kwanza mlangoni, viatu ameshafuta. Nyuma yake alisimama mwalimu wa hesabu, barua mbili mkononi, na hakuwa na sura ya kutaka chai.