Busu Nyuma ya Majora

Tangu abusiane na muuza vitambaa, Fundi Makochi hakuwa na raha. Akikaa anasimama, akisimama anakwenda kukagua ulimi wake kwenye kioo cha pikipiki ya mtu. Na ukitaka ukweli wenyewe, kilichotokea hakikutosha hata kwa umbea wa dakika moja. Alikwenda dukani kuchagua kitambaa cha kochi la mteja, mwenye duka akamtania, naye akarudisha utani, mara wakajikuta nyuma ya majora ya vitambaa wakibusiana, nguo zote mwilini na vifungo vyote vimefungwa. Mteja mwingine akapiga hodi, mambo yakaishia hapo.

Balaa lilianzia karakanani, pale mwenzake wa kutengeneza fremu aliposema huku anapiga msasa, "Yule mama wa vitambaa siku hizi amekonda, mmemwona?"

Neno hilo tu. Fundi akakumbuka kwamba asubuhi ya siku ya busu alikuwa akipigilia kitambaa, misumari midogo ameibana midomoni kama wafanyavyo mafundi wa makochi, na mmoja ukamchoma mdomo wa chini. Kijidonda.

Akaenda kupima. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo lilihitaji juhudi.

"Kaka, virusi vya ukimwi haviambukizwi kwa mate. Na yale magonjwa machache yanayoweza kupita kwa busu, wewe huna dalili hata ya moja. Nimekumulika mpaka kooni."

"Lakini msumari, nesi."

"Msumari ulikuwa wako mwenyewe. Majibu yako ni mazuri. Rudi kazini."

Raha ikadumu mpaka kona ya barabara. Je, kama kipimo kilikuwa kibovu? Akaenda kwa nesi wa pili, kisha wa tatu, wote wakasema yale yale, na kila mmoja alimpa amani ya kumfikisha mlangoni tu.

Nyumbani kwao kulikuwa na watu tele: Dada Mkubwa aliyemlea tangu mama yao afariki, mabinti wa dada, na shangazi mmoja ambaye kazi yake kubwa duniani ilikuwa kujua. Kwa kuwaogopea hawa, Fundi akajitenga. Alinunua kikombe chake na sahani yake, akawa anavilowesha kwenye dawa ya madoa mpaka vikanuka kama choo cha hospitali. Taulo akalihamishia chumbani. Na chai ya Dada, ambayo tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akiimalizia, akaanza kuikataa.

"Ametajirika huyu," shangazi akasema mezani, kwa sauti ya kufika kwa jirani. "Sisi sasa tunanuka."

"Si hivyo, shangazi."

"Basi ni vipi? Unaogopa tutakuambukiza ufukara?"

Mabinti wakacheka. Dada Mkubwa hakucheka. Tangu siku ile akawa anakula jikoni peke yake na kuosha vyombo vyake peke yake. Fundi, aliyejaa misumari kichwani, aliona nafuu tu: angalau mmoja yuko salama.

Alasiri moja Dada akamtokea karakanani, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Yule wa fremu alikuwa ametoka kwenda kula. Dada akakaa kwenye kochi lisilovishwa bado, springi zikalia chini yake.

"Nyumbani kuna masikio mengi," alisema. "Niambie hapa. Nani amekuambia?"

Fundi akatema misumari kiganjani. Alidhani umbea wa duka la vitambaa umemfikia. "Sijaambiwa na mtu. Wewe umeambiwa na nani?"

"Mimi niambiwe na nani, na mwili ni wangu? Zile dawa unazoziita za presha si za presha. Nazimeza tangu wewe uko shule ya msingi. Virusi ninavyo, ila dawa zimevilaza, hata kipimo cha wingi wake hakivioni. Nilipaswa kukuambia, najua. Lakini kukikimbia kikombe changu, mdogo wangu? Ungenipiga kofi ningeumia kidogo. Nimepata chumba. Mwisho wa wiki nahama."

Fundi akamwaga yote, haraka na ovyo: duka, majora, busu, kijidonda, manesi. Dada akamtazama, kisha kicheko kikamtoka tumboni, kochi zima likaanza kulia naye.

"Busu," alisema akifuta macho. "Ndevu zote hizo, busu."

Fundi naye alitaka kucheka. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza safari yake: chai ile, kijiko kile, miaka yote hiyo. Alijua ni upuuzi. Kichwa kikaenda tu, hofu ikampitia usoni, na Dada akaiona. Kicheko kikakatika.

"Umeanza kuhesabu."

Angeweza kukana. "Nimeanza, Dada. Sitaki, lakini nimeanza. Niambie tu kwamba hakuna kitu."

"Sikuambii. Manesi wamekuambia, ukafika mlangoni ukasahau. Nikikuambia mimi, kesho utamtaka jirani naye aseme. Ninachotaka kujua ni kimoja. Nihame, nisihame?"

"Usihame."

"Na hicho kichwa?"

"Kitapiga kelele."

"Na kila kikipiga utanitazama hivyo?"

Fundi akauliza, "Dawa unachukulia wapi?"

"Mbali, shangazi asinione. Naenda kesho."

"Unakwenda na nani?"

"Nimewahi kwenda na nani mimi?"

Kesho yake karakana haikufunguliwa. Walikaa bega kwa bega kwenye benchi la kliniki ya mtaa wa mbali, kati ya watu waliopiga soga kama wako harusini. Goti la Fundi halikutulia. Dada alilitazama.

Mlango ukafunguka, akatokeza nesi mwenye uso wa upole, mgeni kabisa, nesi ambaye Fundi alikuwa bado hajamuuliza. Swali likamjaa mdomoni: msumari, kijidonda, na sasa kijiko pia. Alishanyanyuka nusu pale nesi alipomwita Dada.

Dada akasimama. Hakumtazama nesi, alimtazama yeye.

"Nakusindikiza mpaka ndani," Fundi akasema.

"Ndani?"

"Ndani. Sitauliza kitu."

Wakaingia, na kabla mlango haujafungwa alikuwa tayari ameuma ulimi.