Vitambaa vya Viti Sita

"Hilo si shuka, mama, ni picha!" Emelyne alisema, na mama yake, Marta, akacheka huku akipanga viti, "Picha hutundikwa ukutani, mimi nimeona shuka, nimekata, nimefunika viti, au ulitaka wakwe zako wanaotoka Karema wakalie mbao tupu kama wako kilabuni?"... wakwe, neno hilo likampita tu, maana macho yake yalikuwa yamenasa kwenye kiti cha kwanza, pale kuna mkono wa bibi umeshika jembe, mkono tu, kichwa cha bibi kiko kiti cha dirishani, na ile tumbaku ya shambani Litapunga aliyoidarizi jani kwa jani, akifumua na kurudia, sasa ni ya kukaliwa, ee Mungu, na kesho Edina anakuja kutoka Mwanza, Edina mwenye karakana ya kudarizi, aliyeiona picha hiyo kwenye simu akasema nataka niione kwa macho yangu, ikiwa hivi kweli unakuja kufanya kazi kwangu, michoro yako, jina lako... "Unanisikia? Kavae kitenge!"... anasikia, alisikia pia shule ilipoishia kidato cha pili, mama akamtia sindano mkononi, anayejua kudarizi halali njaa, akamfundisha maua, ndege, maua tena, mtaa mzima wa Makanyagio una maua yale yale, na alipomdarizi bibi badala ya ua mama alitazama weee, kisha akasema, "Nani atanunua kizee?"... mama hajui, maskini, kwao kiti kilicho wazi mbele ya wageni wa posa ni aibu ya nyumba nzima, kitambaa ndicho kinachomsemea binti kabla hajafungua mdomo, leo asubuhi kahangaika, kakosa vitambaa, kashika mkasi, mtu aliyekurupuka hukata chochote, msamehe, Emelyne, ni mama yako... akainama kuugusa mkono wa bibi, na kidole kikapita kwenye upindo, upindo uliolala sawasawa, mishono midogo iliyofichwa kwa ndani, mishono ya mama, nayo haishonwi kwa asubuhi moja, kitambaa kimoja tu humla mama siku nzima, na hapa kuna viti sita... na juzi alipouliza shuka langu liko wapi, mama alijibu bila kuinua uso kwenye kushona kwake, "Liko sandukuni, nani ale shuka?"... kumbe alikuwa akishona hilo hilo, mbele yake, kwa utulivu, na habari za Edina alikuwa nazo zote.

"Mama, ulianza lini?"

Marta akapangusa kiti kisicho na vumbi. "Nyoosha hicho, kimekunjamana."

Emelyne hakukinyoosha, wala hakulia, alimtazama tu mama yake kama mtu anayemsoma mpangaji mgeni, kesho nitampa Edina nini, nitampa vidole hivi, nitapanda naye gari hata kwa miguu mitupu... na hapo wageni wakabisha hodi, mzee Krispini, baba wa mchumba, akavua viatu, akavikagua viti kimoja kimoja, akasema pale pale mlangoni, "Mkono wa binti tumeuona, mama Emelyne, leo hatuondoki bila yeye."