Jenereta ya Harusi ya Sabiha

Mume wangu Nassor ni fundi umeme, na mimi Mize ndiye ninayemvumilia. Kiangazi cha mwaka 1986 tulimwoza binti yetu Sabiha hapa uwani kwetu, mjini Bowie, huku ughaibuni, Nassor akakodi jenereta. Ilitoa umeme kwa njia mbili, naye akazigawa kama tunavyokaa harusini: njia moja hema la wanawake, nyingine hema la wanaume.

"Kila upande na wake," akasema kwa kujishaua.

Wanaume walikuwa na taa mbili na birika la kahawa. Kwetu kulikuwa na feni, spika za taarab, pasi, na majiko ya kupashia biriani. Sabiha alipoingia tu, feni zikazima, taarab ikakatika.

"Nassor!" nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Mzigo wote umetutwika sisi!"

Alitoa transfoma nzito garini mwake, akaiunga kwenye njia zote mbili, ili upande uliolemewa usaidiwe na ule usio na kazi. Feni zikazunguka, vigelegele vikapanda.

"Sasa tunabeba sawa," akaniambia, jasho likimtiririka.

"Inayobeba ni transfoma," nikamjibu. "Wewe je?"

Watu walipomaliza kula, akakunja mikono ya kanzu yake mpya na, mbele ya wakwe zetu wote, akaanza kusugua sufuria kubwa ya biriani.

Aliisugua vibaya mno. Nami, Mungu shahidi, sikuirudia.