Mgeni wa Kidevuni

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba kidevu changu kimeitisha mkutano wa wapangaji, nami nimealikwa kama mwenye nyumba.

Sikushangaa sana. Asubuhi ningekwenda kliniki kupigwa leza nywele za kidevu, ambazo sijaachana nazo tangu ujauzito wa kwanza, na ambazo wanafunzi wangu wa mantiki huzitazama kwa makini kuliko ubao. Nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu tiba hiyo, na nimemuuliza daktari mpaka akachoka. Agizo moja alilirudia: ninyoe kwa wembe, nisizing'oe, kwa kuwa mwanga hufuata weusi wa unywele hadi mzizini, na mzizi usipokuwepo mwanga hauna pa kwenda.

Tatizo ni Bi Mwanamvua, somo yangu, aliyenifunda nilipoolewa na ambaye hajapata kukubali kwamba mafunzo yamekwisha. Aliposikia kwamba naenda kuushikisha uso wangu kwa daktari, aliapa kuja kwanza na sufuria yake ya sukari iliyochemshwa na ndimu ikanata, azing'oe nywele zote, nisimtie aibu mbele ya watu. Somo hakataliwi. Nimesoma vitabu vingi, na sijaona kimoja kinachoeleza namna ya kumkataa.

Mkutano unafanyika ndani ya kidevu, katika ukumbi mrefu wenye milango kila upande. Kila mlango ni kinyweleo. Wapangaji wengi wamelala mikekani. Mwenyekiti ni unywele mweusi, mnene, uliosimama wima.

"Mama mwenye nyumba," ukaanza, "tumesikia tutatembelewa."

"Mtauawa," nikasema. Sikuona sababu ya kuyapamba maneno.

"Sawa, lakini kwa zamu. Mwanga utawakuta walio macho tu. Hawa waliolala watangoja safari nyingine. Mwezi ujao ukiwaona wameamka, usimlaumu daktari."

"Daktari alinieleza."

"Alikueleza, ila hukumwamini."

Ni kweli, sikumwamini.

Unywele mmoja mweupe ulikuwa kwenye kona ukinywa kahawa. "Mimi hayanihusu," ukasema bila kuulizwa. "Mwanga hauoni weupe. Nitawazika wote hawa, kisha nihamie chumba cha mbele."

Mwenyekiti ukafungua mlango ili tupate hewa, na nje ya mlango tukawa kliniki. Jua limeketi kwenye benchi la wagonjwa, limejitanda kanga. Limeambiwa lisinione hadi tiba iishe, na limekuja kuuliza limenikosea nini.

"Si wewe," nikaliambia. "Ni ngozi. Ikiungua kwako, haitahimili kuungua kwingine."

"Tumejuana tangu ukiwa unatambaa," likasema Jua, likainuka na kuondoka. Chumba kikabaki na taa moja.

Kisha miali miwili ya leza ikaingia kazini, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Mfupi ulikuwa na haraka.

"Mweusi wa hapa ni nani?" ukauliza.

"Mimi," ikajibu ngozi yangu, ambayo siku zote imekuwa na adabu kupita kiasi.

Mrefu ukamshika mwenzake bega. "Huyu huishia mlangoni," ukaniambia. "Akikutana na ngozi nyeusi hudhani amefika, akaanza kuchoma papo hapo. Ngozi kama yako nipewe mimi, ninayeingia hadi ndani. Mwambie daktari."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena."

Nilikuwa natafuta kalamu ya kuandika hayo pale ukuta wa kliniki ulipofunguka, akaingia Bi Mwanamvua na sufuria iliyotosha kumwogesha ng'ombe. Mara tuko chumbani kwake Ngamiani, nami nimelala chali juu ya kitanda alichonifundia.

"Haya mwanangu, kaza shingo."

Akabandika, akavuta. Mpangaji wa kwanza akatoka na mzizi wake mkononi, kama mtu anayehama na godoro. Mlango wake ukabaki unajibamiza. Mwali mrefu ukafika hapo ukapiga hodi.

"Mwenyeji yuko wapi?" ukauliza.

"Kang'olewa," akajibu jirani.

"Atarudi?"

"Huyo hurudi siku zote."

"Basi nimekuja bure," ukasema mwali, ukaenda mlango wa pili. Bi Mwanamvua alikuwa ameshautangulia huko.

Nikaona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa: vyumba vitaachwa vitupu leo, vitajaa tena baada ya majuma machache, na mimi nitazeeka na kidevu hiki mbele ya ubao. Nikaamua kujitetea kwa njia niliyosomea.

"Bi," nikasema, "kila kinachofuata mzizi huhitaji mzizi. Mwanga hufuata mzizi. Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo fumba mdomo, sukari itakunata menoni."

"Ungetumia wembe."

"Wembe usoni mwa mwanamke? Unataka uote sharubu za askari? Nani aliyekufunda wewe?"

"Wewe, Bi."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kuliko zangu nyingine zote, lakini haikumzuia. Akachota sukari nyingine.

Ndipo mwenyekiti ukachomoza kichwa, ukainama. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba," akasema Bi Mwanamvua, kwa kuwa salamu haikataliwi hata ikitoka kidevuni.

"Bi, hatubishani na kazi yako. Ila tuna mgeni. Ametoka mbali, anatutafuta kwa majina, na kila akipiga hodi anakuta umeshatutoa."

"Mgeni gani?"

"Yule."

Bi Mwanamvua akageuka. Mwali mrefu umesimama kizingitini, umeinamisha uso. Hakuna aliyeukaribisha, wala aliyeupa maji.

Akaweka sufuria chini polepole. Sijawahi kumwona akiweka chini kitu alichokwisha kukianza.

"Wewe Saumu, mwanangu. Umealika mgeni, kisha unaniacha mimi niwafukuze wenyeji?"

"Nilijaribu kukueleza, Bi."

"Ulinieleza mambo ya mizizi. Hukusema mgeni." Akanyoosha mkono. "Lete wembe. Na nyinyi huko ndani, tulieni vyumbani. Mgeni hapokelewi na watu waliojazana barazani wakichungulia. Nitakata kila kinachotokeza nje, aliye ndani abaki ndani."

Hivyo ndivyo daktari alivyosema, kwa maneno machache na bila baraza. Akaninyoa huku akinung'unika, kichwa changu kikiwa pajani mwake, nami nikigeuza shingo kila wembe ulipokaribia koo.

Nikaamshwa na hodi. Nilipojipangusa uso, kidevu kilikuwa laini, na chini ya ulaini huo kulikuwa na vichwa vidogo vya nywele, vimekatwa sawasawa na ngozi. Nyumbani kwangu hamna wembe. Mume wangu hunyolewa kwa kinyozi, na wiki hii yuko Korogwe.

Nikafungua mlango. Bi Mwanamvua alisimama nje mikono mitupu, bila sufuria. Hakunisalimu. Alinishika kidevu, akakigeuzia kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba huku na huku.

"Hapa kushoto nimeacha kidogo," akasema. "Ulikuwa hutulii."